Jibu: Niache benki niende kampuni ya watu sita?

Ndugu, umeuliza kama uache benki ukawe meneja wa bidhaa (anayepanga programu ifanye nini) kwenye kampuni changa ya Nairobi inayotengeneza programu ya mishahara na likizo. Mimi ningeenda, ila kwanza ningemuuliza mwanzilishi: nani ana kauli ya mwisho kuhusu kinachotengenezwa? Kama ni yeye kwa kila kitu, utakuwa karani wa maagizo yake tu.

Cheo kisikubabaishe. Miezi ya mwanzo shinda kwa wateja, hasa mwisho wa mwezi, ukae kando ya mhasibu anapoandaa mishahara. Ukimwona anahamisha data kwenda Excel na kukokotoa upya SHIF (makato ya bima ya afya ya taifa) ya asilimia 2.75 na tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, ujue haamini hesabu zenu, na hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza. Mwanzilishi atataka akili mnemba (siku hizi nani hataki?). Mhasibu anataka makato yasimtie matatani. Oktoba 2024, SHIF ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima hiyo, madaraja ya zamani ya makato yalikufa. Waulize hao wa kampuni walijipangaje.

Hisa: mara nyingi unazipata kidogo kidogo kwa miaka 4, na ukiondoka kabla ya mwaka wako wa kwanza kuisha hupati kitu. "Hisa 10,000" hazina maana mpaka ujue jumla ni ngapi. Uliza pia pesa zilizopo zitawafikisha mwezi gani. Akikwepa hilo, baki benki.