Dawa Nimewanywesha, Mbona Minyoo wa Ini Hawaishi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninafuga ng'ombe 14 huku Mbarali, mkoani Mbeya. Baada ya mavuno huwaachia majaruba wale mabaki ya mpunga, na maji hunywa mferejini. Mwaka huu nimewanywesha albendazole mara mbili, lakini wamekonda, na mmoja amevimba chini ya taya. Nilipochinja dume, mkaguzi wa nyama alilikataa ini lote. Jirani ananishauri nimwage mrututu mferejini niue konokono. Konokono na ng'ombe wapi na wapi?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Jirani yako amemtambua mhusika, ila dawa aliyokushauri usiitumie.

Mnyoo bapa wa ini, ambaye katika mabonde yetu yenye joto ni Fasciola gigantica, hatoki kwa ng'ombe mmoja akamwingia mwingine moja kwa moja. Mayai yake hutoka na kinyesi, na yakiangukia majini huanguliwa kiluwiluwi asiyeonekana kwa macho, ambaye akikosa konokono kwa muda wa siku moja hivi hufa. Akimpata huzaliana ndani yake kwa majuma kadhaa hata mmoja akawa mamia, nao hutoka, hujibandika kwenye majani ya ukingoni, hujifunika gamba na kukaa hapo mpaka ng'ombe ayale. Konokono mwenyewe ni Radix natalensis, mdogo, wa kahawia. Ukimshika ncha ikiwa juu na tundu likikutazama, tundu hilo pana liko kulia. Wenye tundu kushoto ni wa jamii nyingine, wakiwamo wanaoeneza kichocho.

Sasa uone kwa nini dawa yako imekuangusha. Albendazole huua minyoo waliokomaa tu. Wachanga, ambao bado wanatoboa ini kuitafuta mirija ya nyongo, hunusurika na kukomaa baada ya miezi 3 hadi 4, huku ng'ombe akiendelea kuokota wengine jarubani. Hao ndio walioikakamaza mirija ya ini lile, hata kisu kikipita kikakwaruza kama kinakata mchanga. Muulize daktari wa mifugo aliye karibu nawe kuhusu triclabendazole, ambayo huua hata wachanga, na akueleze siku za kutotumia maziwa na nyama.

Mrututu huua samaki na ni sumu kwa kondoo, tena konokono wachache watakaosalia wataujaza mfereji upya. Badala ya kuwamaliza, ambalo ni jambo gumu, wazuie wasikutane na ng'ombe. Zungushia ua kingo za mfereji na uwanyweshe kwenye birika lililojengwa penye ardhi kavu. Mabua ya mpunga yakate juu ya usawa wa maji, uyakaushe juani kwa majuma kadhaa kabla ya kulisha. Samadi irundike ipate joto kabla ya kuipeleka shambani. Bata nao hula konokono, na nimeona wakisaidia sana kwenye vidimbwi vidogo.

Kwa bonde lenu la Usangu, ningewanywesha dawa mara moja katikati ya kiangazi, baada ya kutoka majarubani, na mara nyingine kabla ya mvua za Novemba, ili konokono watakapoanza kuongezeka wasikute mayai majini. Birika hilo likivuja, lizibe siku hiyo hiyo, kwa kuwa tope linalobaki chini yake linatosha kuwalea konokono walewale uliowakimbia mferejini.