Nitrogliserini huusaidiaje moyo uliokosa damu?

SWALI: Baba yangu ana ugonjwa wa ateri za moyo, na daktari amempa vidonge vya nitrogliserini vya kuweka chini ya ulimi kifua kinapombana. Tumeelezwa kwamba hutanua mishipa ya damu. Mbona basi dipiridamoli, ambayo nayo hutanua mishipa ya moyo, inaweza kumletea mgonjwa kama yeye maumivu yale yale?

JIBU: Msuli wa moyo, hata mtu akiwa amepumzika, huchukua takribani asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu inayoupitia, na kwa hiyo unapohitaji zaidi hauna pa kuipata isipokuwa damu yenyewe iongezeke. Ateri iliyozibwa na mafuta haiwezi kuipitisha nyongeza hiyo, na hapo ndipo kifua kinapobana.

Wengi hudhani kwamba nitrogliserini hutuliza kwa kuizibua ateri hiyo. Ni kweli kwamba hutanua ateri kubwa za moyo, lakini kwa maoni yangu linalofaa kukumbukwa kwanza ni kazi inayoifanya mbali na moyo: hulegeza vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, damu nyingi ikabaki humo, inayorudi moyoni ikapungua, na chumba cha kushoto, kwa kuwa hakijai kama awali, kikasukuma damu kwa mkazo mdogo na kutumia oksijeni kidogo. Tena, shinikizo la ndani ya chumba hicho likishuka, damu hupenya kwa urahisi zaidi hadi tabaka la ndani la msuli, ambalo hulishwa hasa moyo unapolegea kati ya pigo na pigo.

Dipiridamoli hutanua vijiateri vidogo kabisa. Katika sehemu ya msuli inayolishwa na ateri iliyozibwa, vijiateri hivyo vimekwisha kujitanua kadiri viwezavyo ili kuikabili njaa, hivyo dawa huifungulia njia sehemu yenye afya tu, na damu huikimbilia hiyo huku ile yenye shida ikizidi kupungukiwa. Ndiyo maana madaktari huitumia katika vipimo, ili kuifichua sehemu isiyopata damu ya kutosha.

Nitrogliserini nayo ina hatari yake, kwa sababu shinikizo la damu likishuka mno, moyo huanza kwenda mbio na kuitumia oksijeni iliyookolewa. Kwa hiyo baba aketi kabla ya kuiweka chini ya ulimi, na asiichanganye kamwe na sildenafili (dawa ya nguvu za kiume, kama Viagra). Maumivu yasipopungua ndani ya dakika 5, itisheni msaada wa dharura bila kungoja.