Fedha za kuweka michoro ya Kolo mtandaoni

Ndugu, umeuliza kama kikundi chenu cha vijana wa Kondoa kinaweza kupata fedha za umma ili kuweka mtandaoni picha za michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, na ramani za zamani za wilaya, na kama mwanze kwa kununua skana.

Skana isubiri. Michoro hiyo inalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kibali na ushirikiano wa maandishi kutoka mamlaka ya mambo ya kale, kwani bila hivyo hakuna mfadhili makini atakayewasikiliza. Kwa kuwa eneo la michoro hiyo liliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, Serikali inaweza kuliombea msaada katika Mfuko wa Urithi wa Dunia wa UNESCO. Maombi yasiyozidi dola 5,000 za Marekani hupokewa wakati wowote, lakini huwasilishwa na nchi, si na kikundi. Mikopo ya halmashauri, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, siipendekezi, kwa sababu hurejeshwa, na kazi hii haizalishi kipato.

Katika bajeti, jambo ambalo wengi hulisahau, na linaniuma sana, ni gharama za baadaye: kuhifadhi nakala katika sehemu zaidi ya moja, kulipia seva kila mwaka, na kumlipa mtu wa kuandika maelezo ya kila picha kwa Kiswahili na, wazee wakiridhia, kwa Kirangi, lugha ya Warangi wa Kondoa.