Shangazi, nahama Lamu kwenda Malindi na paka wangu wawili, nifanyeje?

SWALI: Asalaam aleikum shangazi. Mi ni msomaji wako wa Langoni hapa Lamu, mume wangu kapata kazi Malindi na mwezi ujao inshallah tunahama sote, nyumba ishapatikana huko Shela (Shela ya Malindi, si hii yetu). Nina paka wawili, mama na mwanawe dume wa miezi minane. Kila mtu ananambia paka hahamishwi, eti paka ni wa nyumba si wa mtu, niwaache tu majirani watawatupia vichwa vya samaki. Mamamkwe ndo kabisa hataki kusikia. Lakini shangazi huyu mama paka alizalia ndani ya kabati langu, moyo haunipi kumwacha. Na nkifikiria ile boti na lile basi naogopa. – Mama Paka, Langoni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Nenda nao. Lamu paka wamejaa kila kichochoro na wanaishi, kweli, lakini paka wa mtaani kazaliwa kwenye vita vya soko la samaki, huyo wako kalishwa kwa mkono miaka yote, ukimwacha leo atakaa mlangoni kwako anangoja ufungue.

Hilo neno la kwamba paka ni wa nyumba lina ukweli wake lakini watu hawamalizii. Paka anaijua nyumba kwa harufu. Ukimwona anasugua shavu kwenye mguu wa kiti au kwenye mlango basi anaacha harufu yake pale, anasema hapa kwangu. Sasa ukimtia nyumba mpya ambayo imepakwa rangi juzi na imepigwa deki na dawa, kwake ni kama hana kwao, ndo maana anatoroka. Kwa hiyo ile kanga kuukuu au mkeka wanaolalia USIFUE, najua wakati wa kuhama unataka kufua kila kitu, hiyo iache na uchafu wake uende nayo hivyo hivyo.

Anza na makapu saa hii. Kila paka na lake, hata kama ni mama na mwana, manake wakiogopa watararuana. Tafuta tenga au kikapu cha plastiki chenye matundu na kifuniko kinachofunga sawasawa. Gunia hapana, anakosa hewa, na boksi la karatasi akikojoa tu linalegea chini na paka yuko Mokowe anakimbia. Liweke kapu wazi sebuleni, mle ndani tia ile kanga na chakula, baada ya siku kadhaa wataingia wenyewe.

Wapeleke kwa daktari wa mifugo wachanjwe kichaa cha mbwa, ndiyo, paka pia wanakipata, wanachanjwa kuanzia miezi mitatu na kila mwaka unarudia. Fanya hivyo wiki tatu nne kabla ya safari na kadi uibebe, na ukiwa hapo hapo uliza kuhusu kibali cha kusafiri na mnyama usije ukasumbuliwa njiani. Huyo dume mhasi, dume asiyehasiwa akifika mji mpya atafuata majike hadi apotee.

Siku ya safari asubuhi usiwape chakula, maji kidogo tu. Funika kapu kwa kanga nyepesi, paka asipoona hutulia. Jetini usifungue hata alie vipi, wala kwenye boti. Konda wa basi zungumza naye siku moja kabla, mwambie makapu unakaa nayo miguuni, na akikwambia yaende kwenye buti mwambie hapana mwanangu, kule kuna joto na vumbi na safari ni zaidi ya kilomita 200, Hindi, Witu, Minjila mpaka uje uione Mambrui. Mkiteremshwa kwenye kizuizi teremka nayo. Paka kulia njia nzima ni kawaida, lakini ukimwona anahema mdomo wazi kama mbwa hilo ni joto, mpe hewa na umpanguse masikio na nyayo kwa kitambaa chenye maji. Na mtu asikwambie mpe kidonge chako alale! Panadol inaua paka, hata kipande.

Sasa hapa ndo nataka unisikilize sana. Paka wa Lamu hajui gari. Huko kwenu ni miguu na punda na boti, paka analala katikati ya njia na watu wanamruka, na akitaka kwenda nyumba ya tatu anapita zake juu kwa juu kwenye dari. Malindi ni tuktuk na bodaboda usiku na mchana. Mimi nilipohama nilikuja na paka wangu mweupe, siku ya nne vijana wanaingiza kabati wakaacha mlango wazi, nikamkuta barabarani hata mita hamsini hakufika. Nilimzika chini ya mwarobaini na mpaka leo nikipita pale najua kosa lilikuwa langu, nilikuwa na haraka.

Kwa hiyo ukifika watie chumba kimoja, ufunge, na uwaambie wabebaji wote mlango huu haufunguliwi. Mle weka kanga yao, maji, chakula na karai la mchanga wa kujisaidia. Watajificha chini ya kitanda, waache, usiwavute. Siku ya kwanza wanaweza wasile, ikipita ya pili bado hawali piga simu kwa daktari. Wakizoea wafungulie nyumba yote lakini nje bado, wiki tatu kamili, nne ni bora. Siku ya kwanza ya kutoka iwe alfajiri tuktuk zikiwa chache, na kabla hujawalisha, akiwa na njaa ukigonga sahani anarudi.

Mamamkwe usibishane naye. Mkumbushe kwa adabu tu kwamba Mtume (SAW) alisema paka si najisi, ni katika wanaotuzunguka majumbani mwetu. Naye anaijua hadithi hiyo.

SWALI: Shikamoo shangazi, mi nina miaka 16, tumehama kutoka Maweni kuja Muyeye hapa hapa Malindi. Njiwa wangu 12 nkiwafungulia tu wanarudi nyumba ya zamani, baba amechoka anasema niwauze. – Kijana wa Njiwa

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwombe baba miezi miwili. Njiwa mkubwa anajua njia kwa jua na kwa nguvu ya sumaku ya dunia, na Maweni kwake ni karibu mno. Wafungie kwenye kizimba cha waya juu mahali wanapoona anga na mapaa ya jirani, wiki sita, na waombe waliohamia kule wasiwatupie nafaka. Wakitaga mle ndani umeshinda, mayai yanakaa kama siku 18 na kinda anaruka baada ya mwezi hivi, na huyo akiruka mara ya kwanza kwao ni Muyeye. Ukianza kuwatoa toa mmoja wa jozi tu huku mwenzake kalalia mayai. Mbawa usizikate, paka watamkamata. Wale wawili watatu wakongwe ambao hawataki kabisa, mpe rafiki yako wa Maweni awafuge kule.