Mama ana kiti cha magurudumu, tuchukue chumba gani melini?

SWALI: Shikamoo anti. Mwakani mama anatimiza miaka 70 na sisi watoto tumechanga tumpeleke kruzi, yaani safari ya matembezi kwa meli, ya siku saba, tutakuwa sita, wakubwa wanne na watoto wawili. Mama alipata kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu, anatumia kiti cha magurudumu cha kusukumwa ila akishikwa anasimama na kupiga hatua tatu nne hivi. Sasa kaka mkubwa anataka tumchukulie chumba cha kawaida chenye roshani, deki (ghorofa ya meli) ya juu kabisa kule mbele, anasema mama aione bahari na hizo hatua za kwenda chooni atazimudu. Mimi nimeona chumba cha wenye ulemavu, kiko katikati ya meli deki ya chini ila hakina hata dirisha. Ajenti tukimuuliza anasema vyote vinafaa. Tunakaribia kununiana anti, tusaidie.
Mtoto wa pili

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni kwa kuchanga, maana kuna ndugu wakisikia neno mchango simu zote zinazimwa. Mimi niko upande wako, ila kabla hujamwonyesha kaka yako ukurasa huu tafuteni futi kamba mpime kiti cha mama. Pimeni upana wa nje kabisa, kutoka ringi ya kusukumia ya kushoto mpaka ya kulia, watu wengi wanapima pale pa kukalia halafu wanakuja kushangaa mlangoni. Viti vingi vya watu wazima vinacheza kwenye sentimita 63 mpaka 66. Mlango wa chumba cha kawaida melini mara nyingi uko kwenye sentimita 58 hivi, wa bafu unaweza kuwa mwembamba zaidi, na chini yake kuna kizingiti kimenyanyuka kuzuia maji yasimwagike chumbani. Kwa hiyo kiti kinaishia koridoni, mama anaingia kwa kubebwa, na kiti chenyewe kikunjwe ndo kiingie. Nyinyi mnazungumzia hatua tatu za mchana mama akiwa ameshikwa na watu wawili, mimi nawaza saa tisa usiku, meli inayumba, taa zimezimwa na anatakiwa avuke kile kizingiti kwa mguu mmoja wenye nguvu. Hapana kwa kweli.

Yalinikuta haya na marehemu baba, tuliambiwa na mtu wa tiketi chumba kinafaa, tukafika mlango wa bafu haupitishi kiti, siku zote zile tukawa tunampeleka choo cha abiria wote kule nje kwa sababu chenyewe kilikuwa kipana. Tangu siku hiyo neno "kinafaa" silisikii kabisa, nataka sentimita.

Kwa hiyo mrudieni ajenti na maswali ya namba. Mlango wa kuingilia una upana gani na wa bafu je? Vyumba vilivyojengwa kwa ajili ya viti huwa vinaanzia kama sentimita 81. Ndani kuna nafasi ya kugeuza kiti, yaani duara la kama sentimita 150? Shawa haina kizingiti, kiti kinaingia moja kwa moja? Kuna kigoda cha kukunjua ukutani cha kuogea? Na muulizeni ni chumba cha aina ipi, maana kampuni nyingi zina vya aina mbili, kimoja cha mtu asiyetoka kwenye kiti kabisa na kingine cha mtu anayeweza kutembea kidogo, hicho cha pili unakuta kina vyuma vya kushikia lakini nafasi ya kugeuzia kiti hamna. Vyote wanaviita vya wenye ulemavu! Kwa mama yenu msidanganyike na zile hatua nne, chukueni cha kwanza.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho kwa mama ni kikubwa: ulizeni vyuma vya kushikia chooni viko upande gani. Vyumba melini mara nyingi vinajengwa kama mtu na kivuli chake kwenye kioo, cha upande mmoja wa meli kimegeuzwa kinyume na cha upande wa pili. Mama mkono wake mzima ni wa kulia, chuma kikiwa kushoto tu ni pambo. Ajenti akisema hajui, apige simu kampuni, zina watu wa kushughulikia abiria wenye mahitaji maalumu na ndo wenye michoro.

Kuhusu deki, wahenga walishamjibu kaka yako: kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani uende nyuma au mbele ya meli, utarudi tu chini tumboni mwake. Juu kabisa na mbele kule kwenye omo ndo meli inaporuka na kushuka zaidi bahari ikichafuka, katikati na chini unatulia. Angalieni pia lifti isiwe mbali, zulia la korido linachosha msukumaji kuliko mnavyofikiri. Ila hoja ya bahari kaka ana haki nayo. Ulizeni kama kuna chumba cha aina hiyo chenye dirisha au roshani maeneo ya katikati, vipo, ila mlango wa roshani nao una kizingiti, waulizeni kama wanaweka kirampu, yaani kimteremko cha kupitishia kiti. Kikikosekana, chukueni hicho cha ndani, bahari ataiona mchana kutwa akiwa kwenye deki na wajukuu.

Mlale vipi? Msijazane humo wanne ili mbane matumizi, kitanda cha sofa kikishakunjuliwa ile nafasi ya kugeuzia kiti imekwisha. Mmoja wenu alale na mama, wengine wachukue chumba cha jirani, kikiwa na mlango wa kati ndo raha zaidi. Na mfanye haraka, vyumba hivi ni vichache na vinaisha kabla ya vingine. Msikubali ile ofa ya bei rahisi ya kulipa sasa halafu namba ya chumba mpangiwe baadaye.

Tazameni na bandari mtakazopita. Kuna sehemu meli haifungi gati, inatia nanga nje na abiria wanashushwa kwa boti ndogo, Santorini kule Ugiriki na Grand Cayman kule Karibi ziko hivyo. Kwa kiti cha kukunja na mtu wa hatua chache wahudumu wanaweza kumsaidia bahari ikiwa shwari, mawimbi yakiwepo wanakataa na wana haki. Hata penye gati, daraja la kushukia linaweza kuwa mteremko mkali, inategemea maji yamejaa au yamekupwa.

Siku ya kwanza mkishapanda wakumbusheni wahudumu kwamba mama hawezi ngazi, waandike jina lake kwenye orodha ya watakaosaidiwa, kwenye dharura lifti hazitumiki. Na kama mtapandia bandari ya Umoja wa Ulaya, kanuni zao zinawabana wenye meli wakiharibu kiti cha mama kwa uzembe wao, walipe matengenezo au thamani ya kingine. Kipigeni picha kabla ya kukikabidhi.

SWALI: Anti mambo, mimi natumia skuta ya umeme, ile ya kukalia ya sisi tusioweza kutembea vizuri, chumba nilichopata ni cha kawaida. Naweza kuiacha koridoni nje ya mlango usiku, si inakaa pembeni tu?

JIBU: Poa mwanangu, ila hapana. Korido ndo njia ya watu kukimbilia moto ukitokea, kwa hiyo skuta inalala na kuchajiwa ndani ya chumba, wakiikuta nje wanaiondoa. Isipopita mlangoni kwako ina maana chumba sio chako, omba ubadilishiwe leo. Waandikie pia aina ya betri, za jeli na lithiamu kwa kawaida zinapita, zile za maji zinakataliwa. Waya wa eksitensheni usibebe kabla hujauliza, meli nyingi wanazichukua mlangoni na soketi unaweza kuikuta iko mbali na pale skuta inapoenea.