Jibu: Maofisa wawili wanagombea mfungwa, onyesho limekwama

Habari ndugu. Umesema onyesho la tamthilia yako halisogei: Uholanzi ya 1942, ofisa wa ujasusi wa jeshi la Wajerumani na wa polisi wa usalama wanafokeana juu ya mfungwa mkaidi.

Angalia kwanza mfungwa yuko chini ya saini ya nani. Ugomvi wa aina hii huanzia kwenye makaratasi. Abwehr, yaani ujasusi huo wa jeshi, ilikuwa chini ya amri kuu ya jeshi, polisi wa usalama chini ya Himmler, mkuu wa SS na polisi, kwa hiyo hakuna wa kumwamuru mwenzake. Mpe mmoja ufunguo wa selo, mwingine redio. Wa jeshi anamtaka mfungwa mzima wa vidole, arushe kwa redio ujumbe wa uongo kwenda London, kwa mabwana zake. Wa polisi anataka majina upesi, kabla wenzake mfungwa hawajahama nyumba. Kila saa ya mateso inamharibia mwenzake kazi. Matusi punguza, yamezidi.

Ukaidi nao si lazima uwe kimya. Huub Lauwers, wakala wa redio wa Kiholanzi aliyetumwa kutoka London na kukamatwa The Hague Machi 1942, alikubali kurusha ujumbe lakini akaacha makusudi alama ya usalama, ishara ya siri ya kuonyesha kwamba hajakamatwa; London wakapuuza kukosekana kwake. Mfungwa wako akifanya hivyo, wa jeshi ataona ushindi, wa polisi atanusa hila asiyoweza kuithibitisha.

Kisha mwache wa jeshi aahidi kwamba mfungwa hatauawa. Hana mamlaka hayo: mwaka 1944 Abwehr ilimezwa na idara za Himmler, na Septemba mawakala wengi waliotumwa na London na kunaswa kama Lauwers wakauawa katika kambi ya mateso ya Mauthausen.