Mawe ya zinki ya mjomba

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Niko Kipushi, Kongo. Mjomba ana mawe mazito yenye zinki, na ameambiwa siku hizi huyeyushwa kwa dawa zisizochafua mazingira, hata kwa asidi ya ndimu. Ni kweli? Tujaribu nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kweli kwa mawe mengine, si kwa yote. Smithsonaiti, yaani kaboneti ya zinki, huyeyuka hata kwenye asidi ya ndimu. Tatizo ni dolomiti, jiwe la jamii ya chokaa: ikiwemo kwa wingi humaliza asidi yote, zinki mnaikosa. Hapo mimi huchagua amonia pamoja na kloridi ya amonia, au glisini, aina ya asidi-amino, katika maji yenye sodakostiki. Hizo hutoa zinki na kuacha chuma na chokaa kwenye tope, na dawa hurudishwa kazini. Isiporudishwa usiniambie habari za mazingira. Amonia ikifika mtoni, samaki wamekwisha.

Lakini zinki ya Kipushi inayojulikana ni sfaleraiti, iliyoshikana na salfa. Ndiyo inayochimbwa na mgodi wenu uliosimama 1993 na kuanza tena kutoa zinki 2024. Ndimu haiiwezi. Kwa desturi huchomwa kwanza, na hutoka gesi ya salfa inayokaba koo, ambayo kiwanda makini huinasa na kuifanya asidi. Mimi naipenda zaidi njia ya tangi lililofungwa: unga wa jiwe, asidi ya salfa na oksijeni yenye shinikizo, joto nyuzi 150 hivi. Zinki huingia kwenye maji, salfa hubaki tangini ikiwa ya manjano, haipandi angani. Huko Trail, Kanada, wameitumia kiwandani tangu 1981.

Nyumbani, hapana! Sfaleraiti ikikutana na asidi kali hutoa gesi inayonuka yai viza. Ikizidi, pua haiisikii tena, na huua. Tena zinki mara nyingi huandamana na risasi na kadmiamu, sumu zitakazobaki kwenye tope la uani kwenu.

Mjomba apeleke kipande maabara, aulize asilimia ya zinki, imeshikana na nini, na kadmiamu ni kiasi gani. Hata ikishayeyuka, kuipata tani moja ya zinki kwa umeme hula kilowati-saa 3,000 hivi. Kwa hiyo ahesabu bei ya mawe, si ya zinki.